Aliyeiamsha Dinamo

Mimi nina wivu. Nalisema mwenyewe mapema, maana wifi yangu akianza kusimulia ataongeza chumvi mpaka usinitambue. Nina wivu tangu nikiwa msichana, na mume niliyempata wala si mtu wa kuonewa wivu. Ni fundi wa kusuka mota. Vidole vyake vina rangi ya vanishi isiyotoka kwa sabuni yoyote, mgongo umeanza kupinda kwa kuinamia meza, na shati lake la maana ni moja. Miaka ishirini na miwili nimekaa naye nimetulia, nikijua hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayemtolea macho. Kumbe!

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mota ya pampu au ya mashine ya kusaga ikiungua, fundi huifungua, hung'oa waya wote ulioungua, halafu husuka waya mpya wa shaba, mzunguko kwa mzunguko, idadi ileile iliyokuwamo. Ukikosea, mota itanguruma tu bila kuzunguka, au itaungua tena kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo kazi yote ni hesabu. Na mume wangu, Mungu ampe maisha marefu, hawezi kuhesabu huku mikono yake inafanya kazi. Akifika sitini na kitu anapotea.

Ndivyo tulivyokutana. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye bustani ya miche, pampu ikaungua, tajiri akaniambia niipeleke kwa fundi na nisibanduke mpaka ipone, maana mafundi walishamwibia vifaa. Nikavuta kigoda, nikakaa kando yake, nikamkazia macho kama askari. Namsikia: "Sitini na mbili, sitini na tatu... sitini na ngapi vile?" Akafumua. Akaanza upya, akafumua tena. Mara ya tatu uvumilivu ukanishinda, nikaanza kumhesabia kwa sauti. Yeye kimya, mikono inakwenda, mimi nahesabu, mpaka mia mbili na kumi. Alipoinua kichwa akaniuliza, "Dada, kesho una kazi gani?"

Kesho yake nilirudi, na sijaacha kurudi. Watoto watatu wamekulia mle karakanani, mmoja baada ya mwingine, wakilala mgongoni kwangu huku mama yao anahesabu kwenye kigoda kilekile. Wako wanawake wanaoimbiwa na waume zao. Mimi ndiye ninayemwimbia wangu, na wimbo wenyewe ni moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimeridhika nao.

Basi mwaka jana mwanangu wa mwisho akashikwa na homa, nikabaki nyumbani siku nne kumuuguza. Siku nne tu, mwenzangu! Siku ya pili mume wangu akarudi akiwa anaongea. Huyu bwana si msemaji. Kwa kawaida huvua viatu, hunawa, hula, basi. Siku hiyo hata viatu hakuvua.

"Leo nimepata mteja," akasema. "Daktari wa chuo kikuu."

"Kwani nani anaumwa?"

"Si daktari wa sindano. Msomi. Wa mambo ya anga."

"Na anga nalo linasukwa mota?"

Hata hakucheka. Akanieleza kwamba huyo Daktari alitaka koili, yaani waya uliosukwa, ya mizunguko mia tatu na arobaini kwa ajili ya kifaa cha kufundishia, na karakana mbili zilishamkatalia kwa kuwa kazi ni ndogo. Alipoingia kwetu alimkuta mume wangu anaiamsha dinamo ya mkono.

Hiyo dinamo naijua vizuri. Ni chuma kizee alichokiokota kwenye skrepa, kina mpini wa kuzungusha, balbu moja, na mita yenye mshale unaosimama katikati. Umeme ukienda huku, mshale unalala kulia. Ukienda kule, unalala kushoto. Sasa, dinamo inatengeneza umeme kwa kutumia sumaku, na sumaku yenyewe inapata nguvu kutokana na umeme huohuo. Utauliza nani anaanza. Kinachoanza ni masalia: chuma hubaki na sumaku kidogo sana ya kazi ya mwisho. Ukizungusha, kile kidogo kinazaa umeme kidogo, umeme unaiongeza sumaku, sumaku inaongeza umeme, mara balbu inawaka. Lakini mashine ikilala miaka mingi, yale masalia yanaweza kwisha, na hapo utazungusha mpaka mkono ukatike usione hata cheche. Dawa ni betri. Unagusisha waya mwekundu kwenye alama nyekundu na mweusi kwenye nyeusi, unashikilia sekunde kadhaa, tayari umeipa cha kuanzia. Sisi tunaita kuamsha.

"Daktari akaniomba nirudie mara tatu," mume wangu akasema. "Kila mara ananiuliza kwa nini. Halafu akakaa chini, akashika kichwa."

"Alikaa wapi?"

"Pale."

"Pale wapi?"

"Si pale kwenye kigoda."

Kigoda changu! Lakini yeye hana habari, anaendelea tu. Anasema jua lina sumaku, galaksi zina sumaku, na hata ule utupu mkubwa katikati ya galaksi unaelekea kuwa na sumaku, ndogo mno. Galaksi zinazunguka, gesi yake inavurugika, na inaikuza sumaku kama dinamo inavyofanya. Lakini dinamo lazima ipate cha kuanzia. Na mwanzo kabisa wa ulimwengu hapakuwa na chuma, wala hapakuwa na masalia ya jana, kwa sababu jana yenyewe haikuwapo.

"Sasa mke wangu," akaniuliza, macho yanang'aa, "nani aliiamsha?"

"Mimi nitajuaje? Kula, chakula kinapoa."

Akala.

Siku ya tano mtoto amepona, nikaoga, nikavaa, nikaenda zangu kazini. Bado niko nje ya mlango nasikia sauti ya kike: "Mia moja na tisa. Mia moja na kumi. Mia moja na kumi na moja."

Nikasukuma mlango. Ningemkuta amemshika mkono ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, majirani wangejaa, mambo yangekwisha. Lakini alikuwa anamhesabia! Kumbe Daktari ni mwanamke, wa rika langu, nywele amekata fupi, viatu vya kawaida, hana hata marashi. Angekuwa kisichana cha kujiremba ningemcheka. Huyu alikuwa ametulia kwenye kigoda changu, magoti pamoja, anamhesabia mume wangu kama aliyezaliwa mle ndani, na mume wangu mikono inakwenda, uso umekunjuka.

Aliponiona akainuka haraka. "Karibu, Mama. Samahani, nadhani nimekalia pako."

"Kaa tu," nikamwambia. "Kimeshakuzoea."

Nikageuka. Wifi yangu ana duka la vipuri ng'ambo ya barabara, na hakuna kinachompita. "Wifi!" akaniita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Mbona unaondoka mapema? Au umeshapata msaidizi?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Nikaongeza mwendo. Nilikuwa nimejikaza kisabuni nisilie barabarani.

Nikagoma. Wiki mbili sikukanyaga karakanani. Nikawa napika, nafua, naweka chakula mezani na kuondoka. Yeye kila jioni na mpya yake. Mara wako wasomi wanaosema sumaku ya kwanza ilizaliwa dakika zilezile za mwanzo kabisa, ulimwengu ukiwa moto usiosemeka. Ulipokuwa unapoa ukageuka kama maji yanavyochemka, mapovu yakagongana, na katika vurugu ile ndipo ikatokea. Mara wako wanaosema la, ilikuja baadaye sana, wakati wa nyota za kwanza: gesi ya moto na ya baridi zikasukumana, chembe nyepesi zikazitangulia nzito, pakawa na kitu kama betri.

"Betri, mke wangu! Wenyewe wanaiita betri!"

"Na huyo Daktari wako anasemaje?"

"Anasema hajui." Akatabasamu peke yake. "Msomi mzima vile, anasema hajui."

Uso ule sikuwa nimeuona tangu alipompakata mtoto wetu wa kwanza. Roho iliniuma, sikufichi. Iliniuma hasa. Mtu anaweza kugawana na mwenzake kitanda, watoto na shida zote, halafu uso wake mzuri akaupeleka kwingine.

"Halafu ile koili ya Daktari," akaanza siku moja.

"Sitaki kusikia habari ya koili ya Daktari."

Akarudi kwenye sahani yake. Kesho yake akaanza tena, nikamkata tena.

Siku ya Jumatano akaniambia Daktari amemwalika chuoni Jumamosi, akawaonyeshe wanafunzi dinamo. "Na wewe uje."

"Nije kufanya nini? Kubeba betri?"

"Uje tu, mama watoto."

Nikasema nitafikiri. Ijumaa saa nane mchana, siku ya kazi na wateja wapo, nikamwona amepita na shati lake la maana kwenye mkono, anakwenda kwa dobi, na kutoka kwa dobi anapitia kwa kinyozi. Kinyozi! Mtu ambaye siku ya harusi ya mdogo wake nilimnyoa mwenyewe kwa kumlazimisha! Kichwa kikapata moto. Karakana yetu ina funguo mbili, mmoja wake, mmoja wangu. Nikachukua wangu.

Nilijua nakwenda kufanya nini. Betri ukiiunga sawa inaamsha. Ukiiunga kinyume, nyekundu kwa nyeusi, halafu ukagusa tu na kuachia, unaweza kuyafuta yale masalia. Mume wangu aliwahi kukosea hivyo miaka ya nyuma, akazungusha mpini nusu saa nzima akitukana. Nikasema sawasawa. Kesho atasimama mbele ya Daktari wake, na ndevu zake safi, na shati lake, azungushe mpaka jasho limtoke, na balbu isiwake. Nione kama huyo Daktari atampa mkono.

Nikaunga kinyume. Kugusa tu, nikajiambia, na kuachia. Lakini nilipogusa macho yangu yakaangukia kigoda. Nikamkumbuka Daktari na magoti yake pamoja. Mia moja na tisa, mia moja na kumi. Nikamkumbuka kinyozi. Nikazikandamiza zile nyaya kwa nguvu zangu zote, mpaka vidole vikauma, na ni sauti ya wifi ng'ambo ya barabara iliyonizindua. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikafunga mlango. Hata sikujaribu kuzungusha.

Jumamosi nikaenda. Ningekosaje?

Darasa lilikuwa kubwa, lina meza ndefu mbele na wanafunzi kama thelathini. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Daktari akazungumza, na lazima niseme ukweli hata kama unanikera: aliongea vizuri. Alisema sumaku iko karibu kila mahali tunapotazama angani, na namna inavyokuzwa tunaifahamu kwa kiasi fulani, ila mbegu yake hatuijui. "Kuna fundi mmoja," akasema, "ambaye amelifanya tatizo langu kwa mikono yake maisha yake yote. Fundi, karibu."

Mume wangu akasimama na ile miguu yake ya aibu. Akashika mpini, akazungusha. Balbu kimya. Akaongeza. Kimya. Nikajua nimeiua. Nikafurahi, wallahi nilifurahi, halafu nikaona shingo yake iliyonyolewa upya imelowa jasho mbele ya wale watoto wa watu, na furaha yote ikaniisha. Nilitaka kusimama niseme acha, twende nyumbani.

Ndipo balbu ikaanza kuwa nyekundu. Ikawa ya machungwa, mara ikawaka kweupe. Wanafunzi wakapiga makofi. Mume wangu peke yake hakufurahi, alikuwa anautazama mshale wa mita. Ulikuwa umelala kushoto.

"Fundi," Daktari akauliza, "kule karakanani si ulikuwa unakwenda kulia?"

Akaacha kuzungusha. Akachungulia nyaya, zote ziko sawa. Akatazama upande aliokuwa akizungushia mpini, uleule. Halafu taratibu akainua kichwa, akanitazama mimi, kule nyuma kabisa.

"Karakanani ilikuwa imeamshwa na mimi," akasema. "Hii ameiamsha mke wangu."

"Umejuaje?"

"Funguo ziko mbili."

Darasa zima likageuka kunitazama, wengine wanacheka. Ningepata shimo ningeingia. Daktari hakucheka. Alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili.

"Mmeona?" akawaambia wanafunzi. "Anayeizungusha leo hakuchagua upande. Upande ulichaguliwa na aliyeiamsha, na mashine bado inaufuata. Ndiyo maana tunauchunguza ule utupu kati ya galaksi, ambako hakuna kilichozunguka wala kuvuruga. Sumaku iliyoko kule huenda ndiyo ile ya kwanza, bado imelala vilevile ilivyolazwa." Kisha akaniangalia. "Mama, ulikusudia kuigeuza?"

"Hapana," nikasema. Sijui kuongopa nikiwa na hasira. "Nilikusudia isiwake kabisa. Hasira zikanifanya nishikilie mno, kumbe nikaiamsha kinyume."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ulikalia kigoda changu ukamhesabia mume wangu."

Basi nimelisema, mbele ya watu wote. Mwanafunzi mmoja akakohoa. Daktari akamtazama mume wangu.

"Ile koili niliifumua," mume wangu akasema. Anasema na mimi, kama tuko jikoni kwetu. "Ilipungua mizunguko kumi na mmoja. Alifika mia na themanini akauliza swali, nikaanza kumjibu, tukaendelea kuhesabu kutoka mahali pengine. Nikasuka peke yangu, ikaharibika. Nikasuka tena, ikaharibika. Bado iko mezani, wiki mbili sasa. Kila nikitaka kukwambia unanikata."

"Ni kweli, Mama," Daktari akasema, na safari hii yeye ndiye aliyeinamisha macho. "Mimi siwezi kuhesabu bila kuuliza."

Tukarudi na dinamo yetu moja kwa moja karakanani. Njiani tukapokezana kuibeba. Akafungua kwa ufunguo wake, akaweka waya kwenye mashine ya kusukia, nikakaa kwenye kigoda changu. Lakini kabla ya kusema moja, nikamuuliza.

"Unampenda?"

Mtu asiyeweza kufanya mambo mawili kwa pamoja: akaweka waya chini kwanza.

"Napenda anavyoniuliza," akasema. "Wewe unanihesabia, mke wangu, na hakuna anayehesabu kama wewe. Ila miaka yote hii hujawahi kuniuliza kitu."

Nilitaka kumjibu. Maneno yalinijaa mdomoni: nani atakuuliza nawe ukifika sitini na kitu unapotea? Lakini nikamkumbuka amesimama na viatu vyake siku ile, macho yanang'aa, na mimi namwambia ale, chakula kinapoa. Nikasogeza kigoda karibu na meza.

"Moja," nikasema.

Tukafika mia tatu na arobaini bila kusimama. Akaifunga koili, akaivuta dinamo, nikajua sasa anachukua betri airudishe upande wake. Hakuchukua betri. Alichukua brashi na vikopo viwili, akaipaka alama nyekundu rangi nyeusi, na nyeusi akaipaka nyekundu.

"Si urudishe tu?" nikamwambia.

"Itakaa hivyo hivyo ulivyoiamsha."

Nikakaa nikimtazama anavyopaka, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Haya," nikasema. "Ile ya kwanza kabisa, ilitoka wapi?"

Akageuka. "Sijui."

"Najua hujui. Nieleze hivyo hivyo."

Akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia, akaanza kunieleza mpaka rangi ikamkaukia kwenye brashi.

Jumatatu Daktari alikuja kuchukua koili yake, na bado anakuja. Nimemnunulia kigoda chake, nimekiweka upande wa pili wa meza, na wifi yangu amenicheka mpaka amechoka. Wivu haujaniisha, asikudanganye mtu. Yeye ana maswali mazuri kuliko yangu, hilo nalijua. Ila swali la kwanza la kila siku nauliza mimi, asubuhi, kabla yeye hajafika.